Nimechora Msitu Juu ya Kijiji cha Mtani Wangu

Mama Abzèta, shikamoo. Sijawahi kuandika gazetini, na barua hii nimeianza na kuichana mara nyingi, kwa hiyo ukiona nazungukazunguka univumilie tu, naomba msaada wako na jina langu ulifiche, maana Koudougou ni mji mdogo na mimi ni mwalimu, wanafunzi wangu wanakusoma wewe kuliko wanavyosoma madaftari yao.

Mimi ni mwanamke wa Kimosi, nina mume na watoto, nafundisha jiografia, na kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikibuni mchezo. Si wa mpira wala wa karata, ni ule wa watu watano sita kukaa mezani, mmoja anasimulia na wengine kila mmoja amejitwalia mtu wa kubuni na anasema mtu wake anafanya nini, na pale pasipo na uhakika mnarusha dadu. Wengi wanaocheza michezo hii wanapenda vita na mazimwi. Mimi, Mama, nilichoka na habari mbaya, unajua tunavyoishi nchi hii siku hizi, mtu anawasha redio ili aizime, nikasema nitabuni mchezo wa wajukuu zetu, nchi ikiwa imeshapona, kila paa lina sola, nyumba za udongo zenye kuba hazihitaji feni, mistari ya mawe mashambani inashika maji, mabwawa yamejaa samaki, na wachezaji hawaui mtu, kazi yao ni kugawana maji na kupatanisha miji na kuamua nani apande nini. Nikauita Mto Ukirudi.

Na kwa kuwa sisi ni sisi, nikauwekea kanuni ya utani. Miji miwili ikikosana, mchezaji wa mji mmoja anamtania wa mji wa pili, anamtukana atakavyo, na aliyetaniwa akicheka wote wawili wanapata mbegu na ugomvi umekwisha, lakini akikasirika mji wake unakosa mvua. Kila aliyecheza aliipenda kanuni hiyo kuliko nyingine zote, nami nikatembea nayo kifua mbele.

Aliyenisaidia tangu mwanzo ni mtani wangu, Msamo, tunafundisha shule moja, yeye hesabu. Nitamwita Toé, kwa sababu ukiita Toé sokoni kwao nusu ya soko inageuka, hatajulikana. Sina haja ya kukueleza mambo ya Mmosi na Msamo, kila mmoja kwa utani humwita mwenzake mtumwa wake. Siku yangu ilikuwa haianzi mpaka aingie chumba cha walimu aulize kwa sauti nani kamfungulia kamba mjakazi wake, nami nimwambie afute mdomo kwanza, ana manyoya ya mbwa aliyemla. Mume wangu akisafiri Toé alikuwa anampigia simu kumwambia asijisumbue kurudi, mke ameshapata mwenyewe. Mama yake alipokimbia bunduki kutoka kijijini kwao upande wa Tougan, kama walivyokimbia wengi, mimi ndiye niliyempelekea mkeka na sufuria, na yule mama, vumbi la njiani bado liko miguuni, akafunua sufuria akasema Mmosi ndivyo alivyo, anakuletea sufuria halafu nyama anabaki nayo kwake. Tulicheka mpaka nikakaa chini.

Basi ikafika siku ya kuujaribu mchezo mbele ya watu. Sisi wenye kazi hii tuna desturi, mwenye mchezo akiujaribisha kwa wageni anakaa pembeni, hafungui mdomo, wachezaji wakikosea kanuni anawaacha wakosee, wakisema mchezo ni mbaya anasema asante. Niliandika mwenyewe kwa wino mkubwa nikabandika kwenye nguzo ya banda la kituo cha vijana: KOSOENI BILA HURUMA, MWENYE MCHEZO HAONGEI. Zomkom ya mtama imepozwa kwenye vikombe, meza zimejaa, walimu wenzangu wamo, na kulikuwa na mgeni kutoka Ouaga, mama mmoja anayechagua michezo itakayoonyeshwa kwenye maonyesho ya huko.

Niliongea, Mama. Niliongea mapema sana. Msichana mmoja alisema mchezo unachosha kwa sababu humu ndani hakuna mtu anayekosea, nikamwambia hajauelewa. Kijana mwingine akasema mvua inakuja yenyewe tu, nikamwambia arudi ukurasa wa nyuma asome vizuri. Kila aliyefungua mdomo nilimjibu kabla hajaufunga, mpaka mgeni wa Ouaga akaacha kuandika kuhusu mchezo akawa ananitazama mimi, na mimi nikaona kabisa kwamba ananitazama, na ndivyo nilivyozidi kupata moto. Hapo Toé akainua ramani ya mchezo, niliyoichora peke yangu.

"Mjakazi wangu," akasema, "natafuta kwetu hapa sipaoni, naona tembo tu. Tumegeuka tembo, au mmetula?"

Banda zima likacheka, mgeni naye akacheka. Ilikuwa utani, tena utani mzuri, na kama ningecheka mambo yangeishia pale. Mimi nikaanza kumweleza kwamba huo ni msitu uliorudi, ndilo tumaini lenyewe la mchezo, wanyama nao wanahitaji nafasi. Akasema bado kwa kucheka kwamba nafasi imepatikana kwao tu, maana Koudougou hakuna hata kichaka, kumejaa maghala. Na ni kweli, Mama. Miji yote niliyoipa uhai kwenye ramani ile ni ya kwetu. Nilijua ni kweli wakati anasema, na ndiyo maana ikaniuma.

Nikamwambia, "Na hata msingekuwepo, nani angewakosa?"

Usiniulize niliyasemaje. Maneno hayo yangekuwa utani siku nyingine yoyote. Siku ile sikuyasema kwa kucheka, niliyasema nikimkazia macho, na kila mtu pale alijua. Toé aliikunja ile ramani taratibu kufuata mikunjo yake, akaiweka mezani, akasema "Samahani, Madamu," akaondoka.

Tangu siku hiyo ananiheshimu. Anaingia chumba cha walimu, "Habari za asubuhi, Madamu." Ananifungulia mlango. Mkutanoni anasema "kama Madamu alivyotangulia kusema." Wenzangu wananitazama kisha wanatazama madaftari yao. Nilimwandikia ujumbe mrefu kwenye simu, nikamweleza uchovu wa siku ile, na jua, na yule mgeni, na jinsi ambavyo sikukusudia, akanijibu, "Asante, Madamu, nakutakia kazi njema." Nikaweka picha yake kwenye kundi letu la mchezo, nikaandika kwamba ndiye nguzo ya kazi hii, akajitoa kwenye kundi.

Kisha baba yangu mdogo akafariki. Unajua Msamo anavyofanya kwenye msiba wa Mmosi. Tulimsubiri aje ajilaze njiani jeneza lisipite, adai mtumwa wake hazikwi bila ruhusa yake, aigize marehemu alivyokuwa anatembea na kukohoa, waliokuwa wanalia wacheke huku wanalia. Toé alikuja amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, akakaa kwenye viti na wageni wa shuleni, akatupa pole kwa mikono miwili na kila neno la pole mahali pake. Jeneza lilipita na hakuna aliyelizuia. Shangazi yangu Nopoko, ndiye mkubwa wa ukoo aliyebaki, akageuka huku na huku akauliza Msamo wetu yuko wapi, akaonyeshwa.

"Yule amekaa kama mgeni," akasema. "Nani kati yenu amemkosea?"

Nilibeba ndoo ya maji nikaenda kuwanywesha watu.

Sasa mavuno yakiisha tutafanya kuure, msiba wetu ule mkubwa wa kumaliza, na Shangazi amesema atamtuma mtu kwa Toé kumuuliza kisa, kwa kuwa hawezi kumaliza msiba wa mdogo wake bila mtani. Mchezo nao uko kwa mchapaji unasubiri neno langu, maana yule mama wa Ouaga aliukubali, na unajua alichosifu? Kanuni ya utani. Mume wangu anasema Msamo ni Msamo, atarudi mwenyewe akimaliza kununa. Mwenzangu mmoja anasema nifute msitu kimyakimya niandike Tougan, nani atajua. Mimi nimefikiria kuiondoa kanuni ya utani kabisa, maana siwezi tena kuisoma kwa sauti.

Na kuna jambo sijamwambia mtu, hata mume wangu. Mama yake Toé alipofika aliniomba nimwonyeshe kwao kwenye ramani kubwa ya darasani. Kijiji chake ni kidogo, hakikuandikwa. Akatafuta mto kwa kidole, akafuata mpaka akafika, akasema hapa, akaacha kidole chake pale. Kwa hiyo mimi napajua, Mama. Sikusahau kwamba kuna watu. Nilipofika pale kwenye ramani yangu nilikumbuka kidole kile, nikaona kijani kitapendeza zaidi, nikapaka.

Nifanyeje mtani wangu anirudie? Sitaki msamaha wa Madamu. Nataka aniite mjakazi.

Madamu, Koudougou

*

Wewe Madamu, barua yako nimeisoma nikakuonea huruma, nikaisoma tena nikatamani kukufinya. Huruma nitakupa kidogo mwishoni kama itabaki.

Michezo ninayoijua mimi ni bao, na hata bao nafungwa. Lakini utani naujua. Mimi ni Mbissa, watani wetu Wagurunsi wamenitukana tangu nilipozaliwa, wamekuja harusini kwangu kudai bwana harusi kaoa gunia la karanga, eti sisi tunazila mno, na siku nitakapokufa watakuja kunizuia njiani, wasipokuja nitaamka niwafuate. Kwa hiyo nisikilize.

Mtani unamtukana kwa sababu yupo, na kesho atakuwepo akutukane na yeye. Mnavutana hivyo miaka mia na hakuna anayeumia. Wewe ulimwambia mtu kwamba asipokuwepo ni sawa. Tena ulimwambia mtu ambaye mama yake amelala kwenye mkeka ulioupeleka wewe kwa sababu kwao hakukaliki. Wengine wamewafukuza kwa bunduki, wewe ukaja nyuma yao na brashi. Usiniambie uchovu na jua. Jua liliwawakia wote waliokuwa pale na hakuna mwingine aliyesema hivyo.

Unauliza nani angewakosa. Jibu si ulilipata msibani kwenu? Jeneza la baba yako mdogo lilipita njia nyeupe, ukoo mzima unageuka kutafuta mtu mmoja wa kuwazuia. Nyinyi ndio mliowakosa. Na shangazi yako aliliona hilo mchana kweupe huku wewe unajificha nyuma ya ndoo.

Sasa hilo la kukosolewa. Uliandika kwenye nguzo watu wakosoe bila huruma, kumbe huruma yote umejiwekea mwenyewe. Ukimwita fundi apande akuonyeshe paa linavuja wapi, humwondolei ngazi akiwa juu. Yule msichana aliyesema mchezo unachosha kwa sababu hakuna anayekosea, ulimfunga mdomo, na ndiye aliyeona ugonjwa wote. Umejenga nchi nzuri ya wajukuu ambayo ndani yake hakuna mtu aliyewahi kumuumiza mwenzake, kwa hiyo ulipoumiza mtu hukujua mlango uko wapi. Soma kanuni yako mwenyewe. Aliyetaniwa akikasirika, mji wake unakosa mvua. Haya, kisha? Hukuandika. Umeweka adhabu hukuweka njia ya kurudi, na sasa unaishi hapo ulipoacha kuandika. Usithubutu kuiondoa kanuni hiyo. Imalize. Waambie wachezaji mji uliokasirika unarudije, na usiwadanganye kwamba ni kwa kurusha dadu.

Mumeo anasema atarudi akimaliza kununa. Mpe salamu zangu, umwambie Msamo huyo hajanuna. Mtu aliyenuna hafungui mlango upite. Toé amekupa kile unachompa mtu asiyekuhusu, na atakupa hivyo hivyo kila asubuhi mpaka mstaafu. Kwa hiyo acha ujumbe wa simu. Ile picha yake ya sifa uliyoiweka, iondoe, maana ulimgeuza nguzo ya kazi yako mbele ya watu ili wasione ulichomfanyia.

Huyo mwenzako anayekushauri ufute msitu kimyakimya, mkwepe. Ulimtukana mtu hadharani, utamrekebishia gizani?

Fanya hivi. Leo hii, ukimaliza kusoma, nenda kwa shangazi yako Nopoko umwambie, "Ni mimi." Mwambie maneno uliyoyasema, yote, usiyapunguze makali. Atakutukana, kaa utukanwe. Usimwache amtume mtu kwa Toé kumuuliza kisa, maana utakuwa umemlazimisha yeye akusemee aibu yako, na ninavyomsikia huyo kijana hatakusema, atadanganya kwa heshima, na hapo utakuwa umemkosea mara ya pili. Ugomvi wa watani hawaumalizi watu wawili peke yao, wewe unajua. Shangazi ndiye atakayechagua mtu wa kwenda mbele, na huyo atasema Mmosi amekosa, hajatania, amekosa.

Mchapaji mwambie asubiri. Maonyesho ya Ouaga yakikupita yakupite, mwakani yapo. Yule mama aliyesifu kanuni yako mwandikie umweleze kwamba mwenye kanuni ameivunja mwenyewe mbele yake na kwamba ramani ina kosa. Alikuwepo, alisikia, unamficha nini?

Ramani, usiichore tena wewe. Kwanza usikimbilie kuwachorea Wasamo mji mzuri wenye mabwawa ili upendeze, hiyo nayo ni brashi ile ile. Koudougou wapo watu wengi waliotoka kule, wapo shuleni kwako, baadhi yao unawasahihishia mitihani. Waombe waseme wenyewe wajukuu wao watakuwa wapi na watakuwa wanafanya nini, na wakisema mambo yasiyoingiana na mchezo wako, ubadilishe mchezo. Wakikataa kusema, pale pabaki wazi na uandike kwamba hujui. Na safari hii wanapoongea, kaa pembeni kama desturi yenu inavyotaka.

Kuna jambo moja nataka ulishike kuliko mengine. Usiirekebishe ramani ili Toé akurudie. Irekebishe kwa sababu ina makosa. Ukiyachanganya hayo mawili, siku ukiona harudi utaona huna tena sababu ya kuirekebisha, na utakuwa umewafuta wale watu tena, safari hii kwa makusudi zaidi. Na anaweza asirudi. Sitakudanganya. Kuna watu wanasamehe na hawatanii tena, na hiyo ni haki yake, utani wake si mali yako. Ikiwa hivyo, basi ataendelea kukuita Madamu na wewe utaitika vizuri, bila kulalamika kwa watu kwamba Msamo siku hizi hana utani.

Lakini kabla ya yeye kuna mama yake. Nakuona unavyomkwepa katika barua yote, umemweka mwishoni kabisa, kwenye jambo usilomwambia mtu. Pengine yeye hajasikia hata neno, pengine mwanawe amemficha. Hata hivyo mtu wa shangazi akishakwenda na kurudi, na Toé akikubali uende, nenda peke yako, mchana, bila sufuria na bila zawadi ya namna yoyote. Mwambie ulipachora kijijini kwake kama pori huku unapajua, na kwamba ulimwambia mwanawe kwamba hakuna ambaye angewakosa. Usieleze kwa nini. Ukianza kueleza kwa nini, funga mdomo hapo hapo.

Simama mlangoni mpaka akwambie ukae. Asipokwambia, sema ukiwa umesimama.